Tata Edouard Alikaa Kitandani

Jumatatu, 30 Machi 2020

Naandika nyuma ya daftari la hesabu la Tania. Shule imefungwa, daftari halina kazi, na mimi nisipoandika nitampiga mtu.

Leo ni siku ya nane Symphorien yuko ndani ya mgodi. Jumatatu iliyopita alitoka na mfuko wa mashati matatu — zamu ya kawaida, alidhani. Saa nane mchana akapiga simu: geti limefungwa. Aliye ndani abaki ndani, ale huko, alale huko, virusi visipate njia. Anayetaka kutoka atoke, lakini asirudi tena kazini. Wiki mbili tu, wamesema. Mume wangu anaendesha yale malori makubwa ya kubeba mawe. Akitoka yeye, wapo kumi mtaani Musonoi wanaokitaka kiti chake. Amebaki.

Nami nimebaki. Na Tania, miaka minane, anayejua kila kitu. Na Samy, miaka mitano, asiyenyamaza hata akiwa na tonge la bukari mdomoni. Na Noëlla, miezi kumi, anayekula chaki. Na mama mkwe! Mama Mushiya alikuja kutoka Mbuji-Mayi mwezi wa pili kusalimia wajukuu. Wiki mbili, naye pia. Sasa njia zimefungwa. Watoto wanamwita Kaku, yaani bibi. Mimi namwita Mama kwa sauti, na kimoyomoyo nina majina mengine.

Leo amesema sombe yangu, kisamvu hiki cha kila siku, ina ladha ya dawa. Alimaliza sahani.

Alhamisi, 2 Aprili

Samy amegundua mchezo. Yeye ni mlinzi wa geti la mgodi. Anasimama kwenye mlango wa jikoni na gunzi la muhindi, anampima kila mtu joto nalo kwenye paji la uso: "Trente-six! Thelathini na sita! Pita!" Kaku alipata thelathini na tisa, akakatazwa kuingia. Nilicheka mpaka nikasahau mboga motoni. Ikaungua.

Kunawa mikono: ndoo nzima kwa mtoto mmoja. Maji ya bomba yanakuja asubuhi saa moja tu, halafu yanakufa. Nani anafikiria haya anapotangaza kwenye redio kwamba tunawe kila saa?

Symphorien alipiga simu. Spika ya sikioni ya simu yake iliharibika mwaka jana, kwa hiyo anasikia kwa haut-parleur tu, na kila aliye karibu anasikia naye. Na wanalala wanaume wanane chumba kimoja! Nilimwambia kwamba Noëlla anahara. Sauti ya mwenzake nyuma ikajibu kabla yake:

"Mama, umupe mayi ya muchele!"

Nani amekuuliza wewe? Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba namkumbuka. Nikamwambia makala ya jiko yamekwisha.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka bila kanisa. Kaku aliendesha ibada sebuleni, saa moja na nusu, Kitshiluba kitupu. Tania akalala. Samy akauliza kwa sauti kama Yesu naye alipimwa joto alipotoka kaburini. Nikamfinya.

Wiki mbili za mgodi zimepita. Wameongeza tatu.

Jumanne, 14 Aprili

Siku gani hii!

Mvua ya adhuhuri, moja ya zile za mwisho kabla ya kiangazi, zinazokuja kwa hasira. Nyumba hizi za zamani za mtaa wetu wa Dilala, bati lake lina miaka mingi kuliko mimi. Maji yalipenya darini chumbani kwetu, yakashuka na ukuta mpaka kwenye prise, tundu la umeme, iliyo karibu na kitanda. Cheche! Harufu ya kuungua! Noëlla alikuwa amelala hapo hapo. Nilimnyakua.

Kaku hakuwepo. Alikwenda avenue ya pili kumwombea mgonjwa pamoja na wamama wenzake — marufuku ya mikusanyiko haimhusu. Nikamtuma Tania kwa jirani, tata Edouard. Ni Mlunda wa Sandoa, fundi umeme aliyestaafu, miaka sitini na tisa, goti la kulia halikunjiki. Akaja chini ya mvua na cache-nez, barakoa yake, kidevuni.

Ile prise iko chini kabisa, kiganja kimoja kutoka sakafuni. Kuchuchumaa hawezi. Kupiga magoti ndiyo usiseme. Akakaa ukingoni mwa kitanda chetu, mguu umenyooka mbele, akainama kutoka pale. Nusu saa. Samy alishika tochi. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Alipokaa, kitu kilinigutusha. Mimi pia ni Muluba kama mama mkwe, hata kama nimezaliwa hapa hapa. Mama yangu alinifundisha: mwanaume mwingine hakai kwenye kitanda cha mumeo. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Utamwambia nini mzee mwenye bisibisi mkononi, nyaya zinarusha cheche? Simama, kuna desturi?

Akamaliza, akanywa maji, akaenda zake. Taa zinawaka. Nyumba haikuungua. Mungu ambariki.

Jumatano, 15 Aprili

Nilimwambia Symphorien habari ya prise. Akauliza nani alitengeneza. Tata Edouard. Akasema vizuri, umupelekee ndizi. Kitanda sikukitaja. Nikitaje kwa nini? Nyuma yake wale saba walikuwa wanagombana juu ya mpira, na mpira wenyewe umesimamishwa dunia nzima.

Jumamosi, 2 Mei

Noëlla amesimama peke yake! Alishika gunia la makala, akaliachia, akahesabu — naapa alikuwa anahesabu — akaanguka kwa makalio. Uso mweusi kama mchimbaji. Nikampigia baba yake. Yuko kwenye lori, hajibu. Alipopiga yeye jioni, mtoto alikataa kabisa kusimama. Tulimbembeleza wote wanne, na wale wanane kule wanamshangilia kama mpira. Akalia.

"Bas, nitaona siku ingine," akasema Symphorien. Sauti ilikuwa ndogo. Nimechoka. Nimemchoka kila mtu, hata yeye ambaye hayupo.

Alhamisi, 7 Mei

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kina miaka mitano na meno mawili yametoka.

Watoto walikuwa wanaruka juu ya kitanda chetu. Kaku akaja na mwiko:

"Mushuke! Hii ni kitanda ya papa yenu. Mutu haikali hapa!"

Na Samy, malaika wangu, kwa roho safi kabisa:

"Kaku, hata tata Edouard aliikalaka hapa. Mi njo nilishika torche."

Nilikuwa nakunja nguo. Halafu mwiko ukaanguka.

"Simone! Mutoto anasema nini?"

"Mama, alikuwa anatengeneza prise. Goti inamuuma."

"Goti! Goti njo ilimuingiza mu chambre ya mwana yangu?"

"Mi nilimwita. Nyumba ilitaka kuungua."

"Na bwana yako anajua?"

Nikasema anajua kuhusu prise. Akarudia neno hilo mara tatu, prise, prise, prise, kama mtu anayetema mfupa. Kisha akajifungia chumbani mwake.

Ijumaa, 8 Mei

Kaku ana chungu chake sasa. Jiko lake la mbabula, makala yake, nje, kando ya ukuta. Anapikia watoto. Chakula changu hakigusi, na kila sahani yangu anayopita karibu nayo anaitazama kama ina nyoka.

Niliandike hili mara moja, nitulie. Kwetu linaitwa tshibawu. Mke akigusana na mwanaume mwingine, hata kumkubalia akae kitandani, halafu akaficha na kuendelea kumpikia mumewe, basi ugonjwa umekaribishwa. Unampata mume, au watoto. Tiba ni kusema wazi mbele ya familia, kutoa faini na kuku mweupe, na kuoshwa. Hapo ndipo mke anarudi jikoni na kitandani. Asiposema, akifa mtu ni yeye aliyemuua.

Mgodi umemfungia mume wangu nje ya nyumba ili asiugue. Kaku amenifungia nje ya chungu ili wasiugue. Mimi nani atanifungia mahali penye utulivu?

Jumanne, 12 Mei

Noëlla ana homa. Bila shaka! Ilikuwa lazima iwe wiki hii.

Kaku alinitazama tu. Ningependa zaidi anitukane.

Kwenye kituo cha afya walituweka uani peke yetu saa mbili, kwa sababu joto lilikuwa thelathini na tisa na nusu. Wote wanatukimbia. Mimi na mtoto wangu kwenye benchi, tumelowa jasho. Mwishowe muuguzi akatoboa kidole. Malaria. Nilimshukuru Mungu kwa malaria! Nani aliwahi kufanya hivyo?

Nikarudi na dawa, nikampa Kaku karatasi aisome. Aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Malaria ni mbu," nikasema.

"Na huyo mbu, nani alimutuma?"

Nilienda kuosha nguo zilizokuwa safi.

Kaku ametaka nimwambie Symphorien leo leo. Mama, nitamwambiaje? Mbele ya wanaume saba? "Papa Tania, mwanaume aliikala pa kitanda yetu" — na yule wa maji ya mchele atoe ushauri? Kumwandikia pia sitaki. Neno likisemwa linapita, likiandikwa linakuwa kesi. Nilimwomba Kaku anipe siku chache, mtoto apone, nitafute njia. Akaenda kuchochea makala yake nje.

Ijumaa, 15 Mei

Homa imeshuka. Noëlla amekula. Nililala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na wakati nimelala Kaku akampigia simu Mbuji-Mayi muzee Mukendi, baba mdogo wa Symphorien na mkubwa wa familia. Nimeamka, kila kitu kimekwisha. Mukendi amempigia Symphorien. Kwa haut-parleur.

Wanane wote wanajua. Kesho lori zima, kesho kutwa mgodi mzima.

Jumatatu, 18 Mei

Siku tatu hapokei simu yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nangoja mshindo.

Tania ananiuliza kwa nini Kaku anapika nje kama kuna matanga. Nikamwambia anapenda hewa. Alinitazama kama mwalimu anavyotazama mwanafunzi mwongo. Halafu akaenda kumpiga Samy. Nikajua amejua.

Jumatano, 20 Mei

Amepiga. Nilisikia upepo na injini. Alitoka nje ya chumba, akasimama nyuma ya malori ili tuwe wawili.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningesema mbele ya batu saba?"

"Umesema ya prise mbele yabo."

Kweli. Nilisema. Nikamweleza yote: mvua, cheche, goti, tochi. Alisikiliza. Akauliza kama mlango ulikuwa wazi. Wazi! Nilikuwa nimesimama ndani yake! Akauliza kama tata Edouard alikuwa amevua viatu. Viatu! Nikamuuliza anataka kujua nini hasa. Akasema hataki kujua kitu, yeye ananiamini, lakini muzee Mukendi anasema ni kuku tu, fanya basi, turudie amani.

"Na we, unasema nini?"

Akasema foreman, msimamizi wao, anamwita.

Kuku tu! Laiti ningekuwa nimekosa, kuku mmoja angekuwa rahisi. Lakini kule ni kusimama mbele ya watu na kusema nimekosa. Nikiomba msamaha kwa kukaa, mwaka kesho wataniuliza habari ya kulala. Na Noëlla, akikua mweupe kidogo kuliko dada yake, au mrefu, kutakuwa na mtu wa kuhesabu miezi. Sijakosa, sisemi nimekosa. Ndivyo nilivyo. Mama yangu alisema kichwa changu kitaniua, na labda ni kweli.

Jumapili, 24 Mei

Nilidhani nimeona yote.

Saa nne asubuhi, watu wote wako nyumbani kwenye parcelle zao kwa kuwa hakuna kanisa, tata Edouard amekuja mpaka getini. Amevaa koti la harusi. Cache-nez safari hii imefunika mpaka macho. Hakuingia, kwa sababu ya mita moja na nusu ya serikali. Kwa hiyo alipiga kelele.

"Mama Mushiya! Mi Edouard! Nasikia niko mu kesi! Nalomba musamaha! Goti njo iliniikalisha, siyo muke ya mutu!"

Avenue nzima! Watu walisimama kwenye kuta. Wale ambao hawakujua, sasa wanajua. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee ana aibu ya kweli, anadhani amenisaidia. Nilishindwa kumkasirikia.

Mke wake, mama Huguette, alikuja baadaye ukutani kuomba radhi kwa radhi.

"Mama Tania, usiogope. Huyu muzee, hata pa kitanda yake mwenyewe anaikala tu."

Tulicheka mpaka machozi. Kisha yangu hayakuacha kutoka, na Huguette akabaki ameegemea ukuta. Akasema, taratibu, nifanye tu kile kitu. Kuku ataliwa, watu watasahau. Hata wewe, nikamwambia. Hata mimi, akasema, maana niko na miaka arobaini mu ndoa.

Jumatano, 27 Mei

Tangazo: madereva waliokaa tangu mwanzo wanapumzika siku kumi na nne nyumbani. Symphorien anatoka Jumamosi!

Tania amechora bango. Samy amefanya mazoezi ya kumpima joto. Kaku amenunua kuku mweupe, amemfunga kamba mguuni kwenye mguu wa tangi la maji. Samy amempa jina: Corona. Anamlisha mchele wangu.

Kaku ameniambia bila kugombana, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa chini, akanishika mkono.

"Mwana yangu, mi sisemi ulilala naye. Nasema mwana moja tu njo niko naye. Bengine batatu nilizika. Unipe huyu."

Sikuwahi kujua walikuwa watatu. Miaka tisa mimi ni mke wa mwanawe. Nikakaa naye hapo. Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikataa.

Jumamosi, 30 Mei

Saa tisa. Naandika jikoni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Amefika saa sita. Mwembamba, ndevu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hakumkumbatia mtu — ndivyo walivyowafundisha. Alivua nguo uani, akaoga kwa sabuni mara mbili. Watoto walisubiri wamejipanga. Halafu Noëlla alitembea. Hatua nne! Alikwenda kuelekea kwake, akafika karibu, akaona ni mgeni, akageuka, akanirudia mimi akilia. Symphorien alibaki amenyoosha mikono. Akacheka, lakini nilimwona.

Nikaleta bukari, samaki, sombe. Nimepika tangu asubuhi. Kaku naye akaleta sahani yake. Zikakaa mbili mezani, bega kwa bega. Watoto kimya. Hata Samy!

Symphorien alizitazama. Alinawa mikono. Akaifuta. Akasema:

"Nitakula nikimaliza."

Akimaliza nini? Alikwenda chumbani. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikasimama palepale niliposimama siku ile. Aliitazama ile prise, akawasha taa, akazima. Akatazama kitanda.

"Aliikala upande gani?"

Wiki kumi sijamwona. Wiki kumi! Nimelea, nimepika, nimechota maji, nimepeleka mtoto hospitali, nimedhihakiwa na avenue nzima. Swali la kwanza chumbani mwetu ni hilo.

"Uulize Samy," nikasema. Nikarudi jikoni.

Amemuuliza. Ninawasikia, dirisha liko wazi. Amelitoa godoro uani peke yake, ameomba javel ya kuulia vijidudu na burashi. Kule mgodini waliosha magodoro kwa javel kila Jumamosi, aliniambia mwenyewe kwenye simu. Leo ni Jumamosi. Kwa hiyo labda ni desturi ya mgodi tu. Labda anaosha vumbi. Najiambia hivyo.

Lakini Samy amemwonyesha kwa kidole, hapa, papa, hapa. Na anasugua hapo tu. Upande mwingine hajaugusa.

Kaku amesimama kando na kuku mikononi. Hatabasamu. Anangoja, naye anaogopa, ninamwona. Huguette amejificha ukutani vibaya, kitambaa cha kichwa kinaonekana. Chakula changu kimefunikwa, na cha Kaku kimefunikwa.

Sasa amemwaga maji mengi mno, godoro limelowa lote. Anataka kuliegemeza ukutani likauke. Amejaribu, limemshinda, limeanguka.

"Mama Tania! Kuya tubebe!"

Nikitoka na kushika upande wangu mbele yao, nimekubali kulikuwa na kitu cha kuosha. Nisipotoka, nimemwacha mume wangu peke yake na mama yake na kuku.

Ameita tena. Si kwa ukali. Sauti ni ile ile ndogo.

Tania amekuja mlangoni, ananitazama. Godoro lililolowa halibebwi na mtu mmoja. Ameita mara ya tatu, safari hii kwa jina langu, Simone, na mimi bado niko juu ya ndoo.